Honi ya Lori na Kanuni Yako ya Nne

Igwasenge, Njia ya Shinyanga,
Sanduku la Posta 41,
Mwanza.

Jumapili, 17 Julai 1938

Mpendwa Kaka Venant,

Shikamoo kaka, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kilosa, wewe na Wifi Tereza na watoto wote, na kwamba ile homa uliyoniandikia habari zake imekuacha kabisa. Wifi naye kifua chake kinaendeleaje? Mwambie bado ninaitumia ile kanga aliyoniletea, haijachuja rangi.

Huku kwetu Mama hajambo ila magoti, na magoti yenyewe yanamuuma zaidi akiwa na kazi asiyoipenda. Sato wa kuchoma na ugali wa mtama anakula vizuri kuliko mimi. Mume wangu Nkwabi yu mzima, yuko shambani kutwa, maana mwaka huu pamba imezaa mpaka tunakosa mahali pa kuiweka. Ng'ombe wako mwenye baka amezaa ndama jike. Nakueleza mapema ili tusirudi tena huko, kwa sababu jibu lako safari hii nataka lisiwe na neno hata moja juu ya ng'ombe.

Kaka, Odeta wangu amegongwa na lori.

Yu hai. Nakuandikia hivyo haraka kwa sababu najua moyo wako kwa mtoto huyu. Amevunjika mguu wa kushoto chini ya goti, na amechubuka bega. Alilala hospitali ya mjini majuma matatu, na tangu Jumanne yupo nyumbani, mguu umefungwa plasta mpaka pajani. Daktari amesema mfupa unaunga vizuri, lakini atatembea na gongo muda mrefu. Sikukuandikia mapema kwa kuwa nilikuwa nalala sakafuni kando ya kitanda chake, na pia, nikuambie kweli, kwa kuwa nilikuwa na hasira nawe na sikutaka kuandika maneno ambayo mdogo hamwandikii mkubwa. Nimengoja hasira ipoe. Haijapoa sana, utanisamehe.

Sasa uelewe ilivyotokea. Wewe uliondoka hapa mwaka wa thelathini na moja. Siku zile gari lilikuwa kitu cha kutoka nje kutazama. Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, alipita mara moja kwa mwezi, labda mbili, na dereva wake alipiga honi kule juu penye kona ya mawe makubwa ili shule yako ijiandae. Basi ukaweka ile kanuni yako. Mwenyewe uliiandika kwa rangi nyeupe kwenye ubao mweusi, herufi nzuri kama za kitabuni, na ubao bado umetundikwa palepale juu ya mlango. Kanuni ya nne: Honi ikisikika, kila mtoto ataacha alifanyalo na kukimbia barabarani; wavulana watapanga mstari upande wa shule, wasichana upande wa pili, mkono wa kulia kwenye kipaji cha uso, mpaka gari lipite.

Nakumbuka ulivyojivuna. Ulitaka Bwana Shauri akitazama huku aone adabu, akitazama kule aone adabu. Naye alifurahi kweli, akatuletea mpira wa ngozi, na shule nyingine zote za njia hii zikatuonea wivu. Hata mimi nilijivuna. Nilikuwa nikipita sokoni nasema mimi ndiye dada yake Mwalimu Venant.

Lakini kaka, siku hizi barabara hii si ile uliyoiacha. Wameipanua, na tangu mwezi wa sita, pamba ilipoanza kununuliwa, malori yanapita kutwa kwenda viwandani. Mama, ambaye hana la kufanya ila kukaa barazani, aliyahesabu siku moja akafika ishirini na tatu kabla ya adhuhuri, akachoka akaenda kulala. Yote yamejaa magunia mpaka juu, yanateremka kile kilima kwa nguvu, na kila dereva akifika kwenye kona ya mawe anaiona shule, anafanya kile ambacho dereva yeyote mwenye akili angefanya. Anapiga honi ili watoto watoke njiani.

Na watoto wetu wakisikia honi wanakimbilia njiani.

Niliisoma tena sentensi hiyo baada ya kuiandika, na nimeshindwa kujua nicheke au nilie. Popote pengine duniani honi inafukuza watoto, hapa kwetu inawaita. Wanaacha mpira, wanaacha kamba, wanatoka hata chooni, wanakuja mbio kama kuku walioona mtama. Tena wasichana wanavuka barabara, kwa kuwa mstari wao ni upande wa pili. Atakayechelewa anachapwa viboko viwili na Mwalimu Mihayo, yule uliyemfundisha mwenyewe na kumwachia shule.

Mwezi wa tano, kabla msimu haujachanganya, nilikuandikia juu ya jambo hili. Nilikuambia magari yameongezeka na naiogopa ile kanuni. Unakumbuka ulivyonijibu? Kurasa mbili za ng'ombe na shamba la mihogo, na mwishoni mstari mmoja: "Nimefurahi sana kusikia kwamba kanuni ya nne bado inafuatwa." Kaka, nilikuandikia kwa hofu, wewe ukasoma sifa.

Na hapa lazima nikiri kosa langu. Barua yako ilikuwa na salamu za Mwalimu Mihayo, nami kwa ujinga nikampelekea barua nzima azisome mwenyewe. Akaufikia mstari ule. Kesho yake asubuhi aliwasomea watoto wote uwanjani, kwamba Mwalimu Venant huko Kilosa anawapongeza. Odeta alirudi nyumbani anang'aa, akaniambia, "Mama, Mjomba ametusifu!" Tangu siku ile wakazidi kukimbia, na Odeta akawa wa kwanza kuvuka kila mara, kwa sababu mjomba ni wake yeye.

Jumanne tarehe ishirini na moja mwezi uliopita, saa ya mapumziko, lori la Bwana Shamshudin lilikuwa linateremka. Unamfahamu, mwana wa yule mzee wa duka la nguo, siku hizi ananunua pamba na kuendesha mwenyewe. Akafika kwenye kona, akaona uwanja umejaa watoto, akapiga honi. Watoto wakaanza kuja. Akapiga tena kwa nguvu zaidi, wakazidi kuja. Alikanyaga breki, lakini lori lenye magunia yale kwenye mteremko ule halisimami upesi. Wasichana wengine walikuwa wamekwisha kuvuka. Odeta alichelewa kidogo kwa kuwa alikuwa amerudi kumwinua mtoto wa darasa la kwanza aliyeanguka. Ubavu wa lori ukamkumba akiwa hatua mbili kutoka kwenye mstari wake.

Shamshudin aliyatupa magunia yake barabarani ili apate mahali pa kumlaza, akamwendesha mjini mwenyewe na mimi nimemshika mtoto kichwa. Njia nzima nilimchukia. Siku ya tatu alikuja hospitali na mkewe Mumtaz, wameleta maziwa na chapati laini, na mtu mzima yule akakaa kwenye benchi akalia. "Mama Odeta," akaniambia, "mimi nilipiga honi. Kila nikipiga wanazidi kuja. Niambie ningefanya nini?" Chuki yangu ikakosa pa kukaa, ikaanza kutafuta mtu mwingine, na kaka, ilikuja moja kwa moja mpaka Kilosa.

Mtoto alipopata nafuu nilikwenda kwa Mwalimu Mihayo. Nilidhani ni jambo la dakika mbili, la kufuta mstari mmoja kwenye ubao. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akaniuliza hali ya mgonjwa, machozi yakamlengalenga kweli. Nikamwambia afute. Akainua macho akautazama ubao utadhani nimemwambia abomoe kanisa.

"Dada Teodora," akasema, "ule ni mkono wa Mwalimu Venant. Mimi nani hata niufute?"

Nikamwambia yaliyoandikwa na mkono yanafutwa na mkono. Akasema na mkaguzi anakuja mwezi wa nane, naye mkaguzi anaisifu sana kanuni ile, ameiandika hata katika kitabu chake. Nikamuuliza kama mkaguzi atafurahi kuona mstari wa watoto wenye magongo. Mihayo si mtu mbaya, ndilo linalonikera zaidi. Ningempata mtu mbaya ningejua pa kumshika.

Nikaenda kwa mwanangwa wetu, Mzee Chenge. Huyo ndiye mkuu wa kijiji, nikasema atanisikia. Alinisikia kweli, kutoka mwanzo mpaka mwisho, huku anakuna mguu. Kisha akaniuliza nani atakayekwenda kumwambia Bwana Shauri kwamba watoto wa Igwasenge wameacha kumsalimu. Nikasema hakuna anayetaka waache, wasalimie tu kutoka uwanjani. Akasema kusalimia kutoka mbali ni dharau, tena kanuni ni ya shule na mwalimu mwenyewe hajaomba iondolewe. Lakini akaahidi kwamba ameliona tatizo na atalifanyia kazi.

Unajua alivyolifanyia kazi? Alituma watu kwenye kona kuwaambia madereva wote wapige honi mara tatu badala ya moja, na waanze mapema zaidi. Naapa sitii chumvi. Sasa watoto wanaitwa mara tatu.

Shamshudin naye, maskini, alijaribu kwa njia yake. Akaapa hatapiga honi tena hapa Igwasenge, atapita polepole na kimya. Siku ya kwanza watoto walisikia mngurumo tu wa lori, wakakumbuka kwamba aliyechelewa anachapwa, wakatoka mbio bila hata kungoja honi. Akasimama katikati ya barabara, akazima gari, akaweka kichwa juu ya usukani. Watoto wakampigia saluti yeye na lori lake lililozimwa, mpaka Mihayo alipokuja kuwaruhusu.

Mimi pia nimefanya vituko vyangu, utavisikia kwa watu, bora uvisikie kwangu. Odeta alipokuwa bado hospitali, siku moja Mama alinipokea zamu kando ya kitanda chake, nikarudi, nikaenda kusimama ukingoni mwa barabara saa ya mapumziko, nimeushika mpini wa jembe kwa mikono miwili kama kizuizi. Honi ikalia. Watoto wakaja, wakanikuta. Wakubwa wakapita pembeni, wadogo wakapita chini ya mikono yangu. Nilimdaka mmoja tu, binti wa jirani yetu, wa miaka saba hivi, nikamkumbatia. Alijitahidi kunitoroka, analia, "Niache mama mkubwa, nitachapwa, niache!" Kaka, nilimwokoa mtoto na mtoto akaniona mimi ndiye adui. Na kweli alichapwa.

Baada ya hapo Mzee Chenge alimwita Nkwabi akamwambia amtulize mkewe.

Nkwabi hakunituliza, anajua hawezi. Ila amesema jambo linaloniumiza. Anasema Odeta akipona asirudi shule, abaki nyumbani ajifunze kulima na kupika, atakuwa salama. Hakulisema kwa ubaya, amemwona mwanawe akipiga kelele wakati mfupa unanyooshwa. Lakini mtoto huyu anasoma, kaka. Anamsomea Mama gazeti mpaka Mama anasinzia. Wewe ndiye uliyesema kwamba wa kwetu wa kike naye atasoma, ulibishana na Baba mpaka akakubali. Nimebishana na Nkwabi siku nne, na jana amesema neno lake la mwisho: kanuni ikiwa bado ipo siku ambayo mtoto atapona, haendi. Nami najua ana haki. Mimi mwenyewe ningemwachia mkono pale barabarani?

Kwa hiyo unaona yote yamefungwa wapi. Mihayo hafuti kwa ajili yako. Chenge haamuru kwa kuwa mwalimu hajaomba. Watoto hawasimami kwa kuwa wanakuogopa wewe ambaye hata hawajakuona. Nimepiga kelele huku mpaka sauti imenikauka, na kila mlango ninaobisha nakuta jina lako nyuma yake.

Basi andika. Usiniandikie mimi, mwandikie Mwalimu Mihayo, kwa mkono wako mwenyewe, kwa herufi zilezile anazozijua. Mwambie kwamba kanuni ya nne umeiondoa wewe uliyeiweka. Mwambie honi ikilia, kila mtoto asimame palepale alipo, asiinue mguu. Waliomo uwanjani wasalimie wakiwa uwanjani, nyuma ya yale mawe yaliyopakwa chokaa ukingoni mwa uwanja, wavulana na wasichana pamoja, na asivuke mtu. Bwana Shauri ana macho, atawaona. Na mwambie hakuna kuchapwa kwa ajili ya gari. Usiweke maneno mengi ya hekima, Mihayo atayatafuta maana na kanuni itamponyoka. Weka amri tu, kama ulivyoweka ya kwanza.

Mwandikie na mkaguzi pia, wewe unajua jinsi ya kuwaandikia watu hao. Mimi nikiandika watasema ni mama mwenye uchungu, na kweli ninao.

Sikulaumu kwa kuiweka. Nataka ulijue hilo, maana nimekuandikia kwa ukali na Mama amenisikia nikisoma kwa sauti akaguna mara mbili. Ulipoiweka ilikuwa nzuri. Lakini uliiweka ukaondoka, na huku nyuma imekua, na hakuna aliye na ruhusa ya kuigusa isipokuwa wewe. Ninayemlaumu ni yule wa mwezi wa tano, aliyesoma barua yangu akafurahi.

Pamba bado imejaa majumbani. Malori yatapita mpaka mwezi wa kumi, na kila siku ya shule kuna mapumziko mawili. Treni ya Jumanne itaichukua barua hii. Hesabu mwenyewe zinabaki siku ngapi.

Mama anakusalimu sana wewe na Tereza, na anasema amekusamehe lakini uandike upesi. Nkwabi anakusalimu. Bwana Shamshudin na Mumtaz wameomba niwaweke katika salamu, nami nimewaweka, wametutendea utu. Wasalimie watoto wako mmoja mmoja, na huko nako uwaangalie na barabara. Mungu awalinde ninyi nyote, na Mama Bikira Maria awafunike.

Odeta naye anakusalimu, shikamoo nyingi. Amelala hapa kando yangu, anataka kujua kama nimeyaandika yote anayoniambia. Amesema kuna jambo anataka kukuuliza mwenyewe, kwa kuwa Mwalimu Mihayo aliulizwa akasema hajui. Anasema daktari ameagiza gongo lake alishike kwa mkono wa kulia. Sasa lori likipita, apige saluti kwa mkono gani?

Mimi mdogo wako, ninayekupenda hata katika hasira hii,
Teodora